Nguo za Uzi Mwekundu

Kila nyumba ilikuwa na rangi yake ya uzi. Karani wa posta alikuwa kijani. Nesi wa ghorofa ya pili alikuwa njano. Wazee wawili mapacha waliostaafu kazi ya reli, ambao hawajawahi kupatana hata juu ya saa ni ngapi, walikuwa na rangi mbili, buluu na kahawia, maana walikataa katakata kuwekwa rangi moja. Dobi alikuwa akishona mishono mitatu midogo ndani ya kola au kwenye pindo, mahali ambapo jicho la mtu halifiki, na kwa mishono hiyo mitatu hakuwahi, katika miaka tisa ya kufulia jengo zima, kumpelekea mtu suruali ya mwingine.

Uzi mwekundu ulikuwa wa Fundi Kufuli.

Fundi Kufuli alikuwa mtu wa makamo, mrefu, mpole, mwenye kibanda cha kuchonga funguo pale barabara inapokata kona. Alihamia miaka miwili iliyopita chumba kilichopakana na cha Dobi, yeye na msichana mdogo, begi moja, na shuka zito la buluu iliyoiva. Walitoka nchi nyingine. Matamshi yao yalikuwa na kona kona zake, na msichana hakufanana na Fundi hata ukucha. Wiki yao ya kwanza walileta nguo kwa Dobi kama majirani wengine, na Dobi, bila kuwaza, akaliloweka lile shuka pamoja na mashati sita meupe ya karani. Mashati yakatoka yana rangi ya mbingu inayotaka kunyesha. Karani hakumtukana, ila alimtazama kwa namna ambayo Dobi angeona afadhali kutukanwa.

Basi hapo ndipo jambo lilipoanzia, na lilianza kwa haki kabisa. Nguo inayochuja hutengwa. Hata mtu aliyeanza udobi jana anajua. Nguo za uzi mwekundu zikawa zinafuliwa mwisho, peke yake, katika karai kuukuu lenye ufa, kwa maji yaliyobaki. Mfuko wao ukawa unangoja nje ya mlango wakati mifuko ya wengine ikipangwa ndani ukutani. Siku zikaenda. Lakini halikutengwa lile shuka tu. Foronya zao zilitengwa. Leso zao. Soksi nyeupe za msichana, ambazo hata ungezichemsha wiki nzima zisingechuja kitu, nazo zilikwenda kwenye karai la ufa.

Na kulikuwa na kero nyingine. Uzi wa nyumba nyingine ulikaa miezi na miezi, lakini wa kina Fundi haukudumu hata wiki. Kila Jumatatu mfuko ulirudi nguo hazina alama, kana kwamba panya wamezipitia. Dobi akawa anashona upya huku ananung'unika: "Watu gani hawa? Hata uzi hawawezi kuutunza."

Aliyesikia manung'uniko hayo alikuwa mmoja tu, bintiye wa miaka saba. Jina lake la shule lilikuwa lingine, lakini jengo zima lilimwita Chiriku, kwa sababu akishaamka kimya kiliisha. Kazi yake ilikuwa kukaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, ampe mama vibanio, na aulize.

"Mama, mbona hizi kila siku za mwisho?"

"Hizi zinafuliwa peke yake."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu."

"Yule mtoto ni wake? Hawafanani."

"Sijui, mwanangu. Hata sijui wale ni familia ya namna gani. Nipe kibanio."

Aliyasema hayo vibanio viwili viko mdomoni, akili iko kwenye mawingu. Hata kama ungemwapisha, jioni ile asingekumbuka kwamba alisema.

Tusimwone Dobi mtu mbaya. Alikuwa mpweke, na upweke una tabia ya kumfanya mtu asitazame pembeni. Miaka minne iliyopita mumewe alitoka kwenda kununua betri za redio. Redio bado iko juu ya rafu, kimya, inangoja betri. Mwanzoni wanawake wa jengo walikuja kumpa pole. Baadaye pole ikawa minong'ono, na minong'ono ikawa ukimya wa ghafla kila alipopita ngazini akiwa amekumbatia nguo za watu. Mama mmoja wa ghorofa ya tatu aliwakataza wanawe kucheza kwa Dobi, "nyumba isiyo na baba." Hakumwambia Dobi. Aliwaambia watoto, na watoto ndio waliomwambia Dobi. Tangu hapo aliyaona maisha ya watu kwa upana wa mlango uliofunguliwa kidogo: mkono unatoa mfuko, mkono unapokea mfuko, asante, mlango. Alizijua nguo zao kuliko sura zao. Alijua nani ameanza kunenepa na nani amelilia kwenye mkono wa shati. Hakuna aliyejua lolote kuhusu yeye.

Jumatano moja ndani ya daftari la Chiriku kulikuwa na kipande cha karatasi: *Mzazi afike shuleni kesho saa nne.*

"Umefanya nini?"

"Sijafanya kitu," alisema Chiriku, na safari hii hakuongeza neno. Hapo Dobi akajua kuna jambo.

Alhamisi saa nne watoto walikuwa mapumziko. Mwalimu wa darasa la pili, kijana ambaye bado alivaa kola iliyopigwa pasi mpaka inakata, alimkaribisha Dobi na kumwonyesha rafu ya vikombe. Kila mtoto alileta kikombe chake cha maji. Vilipangwa safu tatu, vya plastiki na vya bati, vyote vimesongamana mpaka vinagusana.

"Hesabu haitimii," alisema Mwalimu. "Kimoja kiko kule."

Kule palikuwa dirishani, karibu na vifutio vya ubao. Kikombe cha bati, kimetulia peke yake juani, chenye vumbi la chaki. Kwenye mkono wake palifungwa uzi mwekundu.

Dobi aliutambua uzi kabla hajatambua kitu kingine. Ulikuwa wake. Ule wa gurudumu kubwa la mti lililoko nyumbani, usiopauka.

"Ni cha mtoto wa Fundi Kufuli," Mwalimu alisema. Sauti yake haikuwa ya kulaumu. Ilikuwa ya mtu aliyelala vibaya. "Kimekaa pale wiki tatu, mama. Na mimi niko darasani humu humu. Nilidhani mwenyewe anapenda kikae kwenye mwanga. Juzi akaanguka kwenye mazoezi. Ndipo nikagundua hanywi maji tangu anafika mpaka anarudi kwao. Nikimuuliza, anasema hana kiu." Akasita. "Wiki tatu, mtoto hana kiu."

"Na Chiriku?"

"Chiriku ndiye aliyefunga uzi. Wenzake wakamfuata. Sasa hawamwiti hata jina. Wanamwita Uzi."

Chiriku akaitwa. Akaingia magoti yana mchanga, akamwona mama, akaona kikombe, akasimama.

Hasira ilimpanda Dobi, na hasira ya mzazi mbele ya mwalimu ina nusu ya aibu. "Nani kakufundisha upuuzi huu? Eh? Nyumbani kwangu umeona wapi mtu anatengwa?"

Chiriku alimkodolea macho. Hapakuwa na ujeuri katika macho yale. Palikuwa na mshangao mtupu, kama mtu aliyeulizwa jua linatokea wapi.

"Si wewe, mama."

"Mimi? Mimi nilikuambia lini?"

"Hukuniambia," alisema Chiriku. "Nilikuona."

Wazee wana msemo kwamba mwana hutazama kisogo cha nina, yaani cha mama yake. Dobi alikuwa ameusikia tangu utotoni na akadhani ni habari ya watoto wanaobebwa mgongoni. Sasa, akiwa amesimama kati ya viti vidogo visivyoweza kumkalisha, alihisi kisogo chake kinawaka, kana kwamba mtu amekitazama kwa miaka miwili na leo ndiyo anageuka kumwona.   Mwalimu alitaka kusema kitu kuhusu malezi, akaangalia mikono ya Dobi iliyonyauka kwa maji, akamfungulia mlango.

Dobi hakungoja jioni. Alikwenda moja kwa moja kwenye kibanda cha kona.

Fundi alikuwa anapiga tupa ufunguo uliobanwa kwenye jiliwa. "Karibu, Mama Chiriku. Umejifungia nje?"

"Hapana, Fundi. Nimekuja kwa jambo la mtoto."

"Aha." Tupa haikusimama.

Maneno aliyoyapanga Dobi njia nzima yakatawanyika kama kuku, kwa sababu alikuwa ameinua macho. Nyuma ya Fundi, kwenye ubao wenye misumari, zilining'inia funguo, kubwa na ndogo, za kabati, za masanduku, za milango. Kila moja ilifungwa kibandiko cha karatasi chenye namba. Na kila kibandiko kilifungwa kwa uzi mwekundu, vipande vifupi vifupi vilivyosokotwa viwili viwili ili vifike. Vilikuwa vingi. Mia, labda zaidi. Dobi, ambaye alijua urefu wa mishono yake mitatu kama ajuavyo vidole vyake, alitazama ubao ule na kuona kila Jumatatu ya miaka miwili.

"Ulikuwa unazitoa," alisema.

"Kila Jumamosi, kabla hajavaa. Kwa hili." Fundi akainua koleo dogo la kutengenezea vifungo vya saa. "Na mimi si mtu wa kutupa kitu."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia nini? Nguo zilikuwa safi. Zinanukia. Mtu anakufulia vizuri namna ile, unamgombeza kwa uzi?" Sasa tupa ilisimama. Alifuta ufunguo kwa kitambaa, pole pole, upande huu na upande huu. "Kule tulikotoka walianza na alama ya chaki milangoni. Ndogo tu. Mimi ndiye nilikuwa fundi wa milango mtaani, nikazifuta. Wakaziweka tena. Sitaki kukusimulia yaliyofuata, mchana huu mzuri. Ila nilisema yule mtoto asione alama nyingine, hata iwe ya nini. Mwezi uliopita nikapata homa. Blauzi moja ikanipita."

Watu walipita barabarani. Mmoja aliuliza kama kufuli yake iko tayari, akaambiwa kesho.

"Haikuwa kwa ubaya," alisema Dobi. "Lile shuka lenu lilichuja. Liliharibu mashati ya watu. Nilianza hivyo tu." Na alipokuwa akiyasema akasikia jinsi yalivyo mepesi. "Nisamehe, Fundi."

"Nimekusamehe." Aliyatamka upesi na kwa adabu, kama mtu anayerudisha mlango taratibu ili usibamize. "Watu wanataka kujua kama ni wangu. Najua hata wewe umejiuliza. Mama yake alikuwa jirani yangu. Ukuta mmoja, kama mimi na wewe. Siku ile tuliobaki ukumbini tulikuwa mimi na huyu mtoto. Basi. Yeye akaniita baba, na mimi nikaitika."

Dobi aliinamisha kichwa.

"Lakini nguo," Fundi aliendelea, "kuanzia sasa nitafua mwenyewe."

"Na mtoto? Nikija kumwomba radhi?"

"Mimi kazi yangu ni kufungua milango ya watu, Mama Chiriku. Huu wangu, hakuna anayebisha hodi." Akatabasamu kidogo, tabasamu la kumsaidia mgeni aondoke. "Moyo wa yule mtoto, hata mimi sina ufunguo wake. Tungoje."

Mchana huo Chiriku aliporudi alikuta karai lenye ufa limepinduliwa katikati ya chumba na mama amekaa juu yake, jambo ambalo halijawahi kutokea. Aliweka mkoba chini akajiandaa kuchapwa.

"Njoo ukae. Sikupigi," alisema Dobi. "Nimekosea mimi."

Chiriku hakuwa amewahi kusikia sentensi hiyo kutoka kwa mtu mkubwa. Akakaa.

Dobi akamweleza: shuka la buluu, mashati ya karani, jinsi rangi inavyotoka kwenye nguo mpya na kuingia kwenye nguo nyeupe. Chiriku alisikiliza, kichwa kimeinama upande mmoja.

"Na soksi?" aliuliza.

"Soksi gani?"

"Soksi zake. Zilikuwa nyeupe."

"Ndiyo."

"Nyeupe haichuji."

"Haichuji."

"Sasa ulikuwa unazitenga za nini?"

Dobi alitafuta jibu. Alilitafuta kweli, kama unavyotafuta sindano iliyoanguka, kwa kupapasa. Hata lile shuka lenyewe, pengine liliacha kuchuja wiki ya tatu au ya nne. Hakuwahi kuangalia maji yake. Alikuwa ameyamwaga kila mara bila kutazama.

"Bure," alisema. "Nilizitenga bure."

 Chiriku, huku akikwangua mchanga wa gotini, akasema: "Walikuwa wananiuliza baba yuko wapi. Kila siku. Wananiambia ameenda kununua betri huko mwezini. Wanacheka. Siku ile nikaona uzi kwenye kola yake. Nikawaambia, mwangalieni yule, yeye hana mama wala baba, na nguo zao zinafuliwa peke yake. Wakamgeukia." Akaukung'uta mchanga. "Wakaniacha."

Dobi alimvuta akamweka mapajani, ingawa miguu ilikuwa mirefu mno kwa mapaja. Kumbe mtoto alikuwa amebeba mzigo ule ule, kwa njia ile ile, akatafuta mtu wa kumtwisha. Mama yake alifulia jengo zima na hakuuona ukiwa ndani ya nyumba yake.

"Ilikuuma, walipokuuliza?"

"Sana."

"Na yeye unadhani?"

 Chiriku alilia kwa sauti, na kwa mara ya kwanza Dobi hakumwambia anyamaze majirani watasikia.

Kesho yake asubuhi gurudumu la uzi mwekundu halikuonekana. Dobi alilitafuta, akaacha. Mchana Chiriku aliingia akalitupa mezani, limebaki mti mtupu.

"Nimefunga vyote," alisema. "Vikombe vyote. Hata cha Mwalimu. Mwalimu akacheka, akasema chake nikifunge vizuri kisifunguke. Cha yule mtoto wa Fundi nimekitoa dirishani nikakiosha mara tatu, nikakiweka katikati, karibu na changu."

"Wenzako wamesema nini?"

"Wamesema mimi kichaa. Halafu wakasema na wao wanataka fundo kama la Mwalimu."

"Na yeye?"

Uso wa Chiriku ukashuka. "Hakunywa."

"Ulimwomba radhi?"

"Nilimwomba. Akasema sawa. Lakini hakunywa."

"Usimlazimishe. Msalimie, kaa karibu naye, unyamaze."

"Kunyamaza siwezi, mama."

"Jitahidi."

Ijumaa hiyo hakunywa, wala Jumatatu, wala Jumanne. Chiriku alileta taarifa kila mchana kama mtu wa hali ya hewa. "Leo aliangalia kikombe." "Leo alisogea, lakini kengele ikalia." Dobi alisikiliza huku anafua. Alikuwa amenunua uzi mweupe tu, akaanza kuzitia nguo za nyumba zote alama kwa rangi hiyo moja, akizitofautisha kwa namna ya mshono: mmoja msalaba, mwingine mstari, mwingine nukta mbili. Kazi ilimchelewesha. Pacha mmoja alikuja kulalamika kwamba sasa ana rangi moja na nduguye. Dobi akamwambia mshono wake ni mzuri zaidi, akaenda zake ameridhika. Hakuna mwingine aliyegundua kitu. Milango iliendelea kufunguka kwa upana ule ule.

Kitu kilichomsumbua zaidi kilikuwa ukuta. Kila jioni kabla ya kuwasha taa alimsikia Fundi upande wa pili anafua. Alifua vibaya. Dobi aliweza kusikia: sabuni nyingi mno, maji machache, na nguo inapigwa kama inayogombezwa. Akasuuza mara moja tu. Mara moja! Dobi alisimama mkono umegusa ukuta, neno liko kwenye ncha ya ulimi, *mara tatu, Fundi, maji ya mwisho yaingize matone ya ndimu,* na hakulisema. Hana haki hiyo tena. Alisikia maji yanamwagwa, ndoo inawekwa chini, msichana anacheka kitu, na Fundi anacheka naye. Halafu kimya. Upande wake, redio isiyo na betri.

Jumamosi ya pili, asubuhi, mlango ulibishwa. Si mkono wa mtu mzima. Ulibishwa chini.

Msichana alisimama na blauzi ya shule mikononi. Ilikuwa imegeuka rangi ya maji ya vyombo.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu." Dobi alijikuta amepiga magoti ili walingane.

"Jumatatu tunapigwa picha ya darasa," alisema msichana. Maneno yake yalikuwa na kona zake, kila moja limewekwa kwa uangalifu. "Hii imekuwa hivi."

"Baba anajua umekuja?"

"Baba amesema, nikitaka nije." Akafikiri. "Amesema yeye hajui kufua, lakini usimwambie kama amesema."

Dobi alikaribia kucheka, akakaribia kulia, akachukua blauzi. Kwa mazoea ya miaka tisa kidole gumba chake kilikwenda ndani ya kola kutafuta alama. Hapakuwa na kitu ila matundu matatu madogo ya sindano. Alikaa na kidole pale kidogo.

"Ingia. Ingia ndani. Chiriku! Lete yako."

Chiriku alikuja mbio na blauzi yake, akamwona mgeni, akafunga mdomo kwa mkono, kabisa, kwa nguvu. Alikuwa anajitahidi.

Dobi alijaza maji kwenye beseni kubwa jipya, lile la mashati ya karani. Akazitia blauzi mbili humo pamoja.

Msichana alisogea akachungulia. "Zitachanganyika."

"Zitachanganyika," alisema Dobi.

"Utajuaje yangu?"

Dobi aliigeuza ndani ya maji, akamwonyesha. Kifungo cha pili kilikuwa kimeshonwa kwa waya mwembamba wa shaba, umekazwa kwa koleo. "Kifungo hiki hakitoki hata kwa trekta. Nani mwingine ana baba wa kushona namna hii?"

Kona ya mdomo wa msichana ikainuka. Watatu wakayatazama maji. Dobi alisugua, akasuuza, akasuuza tena, na tena, na kila mara, kabla ya kumwaga, aliyaangalia. Yalikuwa maji tu.

Alizianika ubavu kwa ubavu kwenye kamba ya uani, kisha akaendelea na mfuko wa nesi, akiwapa watoto mgongo, kwa kuwa kuna mambo hayatendeki ukiyatazama. Msichana alikaa kwenye kizingiti kungoja nguo yake. Jua lilikuwa limeanza kuuma. Dobi alisikia miguu ya Chiriku inaingia ndani na kutoka, kisha sauti ya vyombo viwili vinawekwa juu ya saruji.

  Upande wa pili wa ukuta mlango wa Fundi ulikuwa umefungwa, na Dobi alijua mfuko wake hautarudi, si leo, labda kamwe. Alikamua shuka la nesi mpaka halina tone.

"Changu ni kipi?" aliuliza msichana.

"Chochote," alisema Chiriku. Lilikuwa neno lake la kwanza tangu asubuhi.

Dobi aliinamia beseni asigeuke. Alisikia bati linakwaruza saruji, kikombe kinainuliwa, na koo dogo linameza, linameza tena, kama la mtu mwenye kiu ya wiki nyingi.